Shibiri ya Mlima

Barafu ilimrudisha Ndesario mapema mno, na hapo ndipo shida yote ilipoanzia. Kama ingemrudisha kwa wakati wake, yaani miaka sitini baada ya kutumbukia, binti yake Aikande angekuwa kikongwe asiyepanda tena milima, au angekuwa amekwisha kufa, na mtu mwingine kabisa angeuona ule mkono ukichomoza. Lakini ulikuwa mwaka wa ishirini na tisa tu. Aikande mwenyewe ndiye aliyeipiga ile hesabu ya miaka sitini. Aliirudia mara saba kwa kalamu nyekundu, na hakuna mtu katika Mji aliyewahi kumkuta daktari huyo wa barafu akikosea hesabu.

Mji ule hauna jina, au jina lake limeachwa makusudi, maana watu wake hawapendi kutoa kitu kizima. Umekaa bondeni. Juu yake kuna Ziwa, na kati ya Ziwa na Mji hakuna kitu isipokuwa ukuta wa barafu, ulimi wa ule mto mkubwa wa barafu unaoshuka polepole kutoka kileleni, ukakata bonde na kuziba njia ya maji. Watu wanalala chini ya Ziwa, wanaoana chini ya Ziwa, wanagombana mipaka ya mashamba chini ya Ziwa, na ukiwauliza hawaogopi vipi, watakuonyesha daftari la Aikande.

Na desturi yao ni hii. Ukimuuliza mama mwenye watoto watano ana wangapi, atakwambia wanne. Si mwongo. Wa tano ni wa Mlima. Aliyevuna magunia kumi atasema tisa, na aliyeugua siku nane atasema saba. Anayetaja hesabu yote anaonekana hana adabu, kama mgeni anayelamba sahani mpaka inang'aa mbele ya wenyeji. Hakuna anayekumbuka nani alianza, wala Mlima uliomba lini. Wanaacha kimoja, basi, na mikono yao imezoea kuacha kuliko vichwa vyao vinavyojua.

Nyumbani kwao Aikande walikuwa watatu: baba, mama na yeye. Mama yake, Manka, akiulizwa alisema wawili, kama ilivyopasa. Ndesario alipopotea walibaki wawili kweli, na Manka alipaswa sasa aseme mmoja. Hakusema. Aliendelea kusema wawili mwaka baada ya mwaka, na majirani, kwa huruma, wakajifanya hawajui kutoa.

Sasa sikiliza ukuta ulivyopimwa, kwa sababu kila kitu kimekaa hapo. Juu ya ukuta kumekitwa ufito mrefu. Mwisho wa kiangazi msomaji anapanda, anatazama ni sehemu gani ya ufito imeachwa wazi na barafu iliyoyeyuka, anaipima kwa shibiri, yaani kwa kiganja kilichotandazwa toka gumba hadi kidole cha mwisho, na anaandika. Kisha anaukita ufito upya mpaka kichwa chake kiwe sawa na barafu, ili mwaka ujao uanze kuchomoza tena. Ndesario alisoma ufito misimu kumi na mmoja. Siku ya msimu wa kumi na mmoja alikutwa hayupo, daftari limebaki kwenye ukingo wa ufa likiwa limefungwa vizuri. Mwaka uliofuata Aikande, mwenye miaka kumi na mitatu, akapanda na daftari lile, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeijua njia. Akasoma alivyofundishwa. Hata alipokwenda kusoma nchi za mbali alirudi kila kiangazi, akarudi na shahada, akarudi na chombo kinachosikiliza tumbo la barafu na kutaja unene wake. Mara ya kwanza chombo na ufito havikupatana. Aikande akakirekebisha chombo.

Siku tunayoizungumzia alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alisoma ufito, akapata nne. Aliandika kwamba ukuta umebaki shibiri arobaini na tatu juu ya maji, akaukita ufito upya, akaanza kushuka kwa njia ya pembeni, saa yake ikionyesha saa sita na robo. Iliendelea kuonyesha saa sita na robo. Jua lilisimama utosini, na nitakayosimulia yote yalitendeka ndani ya mchana ule mmoja mweupe uliogoma kusogea.

Mkono ulichomoza kwenye ulimi wa barafu, usawa wa kiuno chake. Ulikuwa mkono wa kushoto, umetandazwa, gumba huku na kidole cha mwisho kule, kama wa mtu anayepima. Mkono wa sweta ya kijani ulishuka ukafunika vifundo vya vidole. Aikande hakuhitaji kuuona uso. Sweta ile ilifumwa na mama yake, na mkono wa kushoto ulitokea mrefu kuliko wa kulia, na Ndesario alikataa ifumuliwe akisema mkono mmoja ukiwa mrefu utamfikisha mbali. Alikaa juu ya jiwe, akasema kwa sauti, "Bado miaka thelathini na mmoja," kana kwamba kulikuwa na mtu wa kumlalamikia.

Kisha akatoa nyundo.

Alichimba mpaka kifuani, taratibu, vipande vikimrukia usoni, na aliposafisha uso aliukuta ni wa kijana. Hilo hakulitarajia, ingawa kwa taaluma yake alipaswa kulijua kuliko mtu yeyote. Kwa miaka yote alimtunza baba kichwani akamzeesha pamoja na wazee wengine wa Mji, akamtia mvi, akamtoa meno mawili. Na huyu hapa, miaka thelathini na sita, ndevu hazijakamilika shavuni. Alimsogezea chai ya moto ya chupa midomoni bila kujua kwa nini anafanya hivyo. Midomo ikanywa. Macho yakafunguka, yakamtazama mwanamke mwenye nywele zilizoanza kuwa nyeupe.

"Shikamoo, mama," alisema Ndesario.

Aikande aliishika chupa bila kuitikia. Kwa macho ya yule kijana hakukuwa na kosa, mdogo amemwamkia mkubwa. Lakini akiitikia marahaba atakuwa amekubali kwamba amempita baba yake umri, kwamba ile miaka ilikuwepo na imekwenda. Na akimwamkia yeye, atakuwa amemwambia yote kwa neno moja. Salamu ikabaki hewani kati yao.

"Mama, nimekuamkia."

"Nimesikia."

"Haya. Watu wa siku hizi." Alikunywa tena, akakunja uso. "Chai haina tangawizi. Mke wangu huwa anatia tangawizi."

Manka aliacha kutia tangawizi mwaka ule ule. Aikande hakulisema hilo.

"Umekaa humo muda gani?" aliuliza.

"Muda gani tena? Nimeteleza sasa hivi. Jua lilikuwa hapo hapo lilipo." Alijaribu kujivuta. Kuanzia kiunoni alikuwa bado ndani ya barafu, na hakuonekana kushangaa. "Goti limegonga kidogo. Wewe umetoka wapi na nyundo? Umesoma ufito?"

"Nimesoma."

"Ngapi?"

"Nne."

"Nne za kusema, au nne zote?"

Aikande aliuliza za kusema ni zipi. Ndesario alimtazama kama unavyomtazama mtu aliyepotea njia akiwa mlangoni kwake.

"Wewe mama ni mtu wa wapi? Mtu akipata tano husema nne. Lete hiyo fimbo yako." Alimpokonya fimbo ya kutembelea, akaichomeka barafuni mbele yake. Akatandaza kiganja chini kabisa, kidole cha mwisho kikigusa barafu na gumba likielekea juu, akabonyeza alama ndogo kwa ukucha pale gumba lilipoishia. "Hii iliyogusa barafu ni ya Mlima. Huihesabu. Wewe unaanzia hapa." Na kuanzia kwenye alama akapanda kwa kiganja, kwa sauti, moja, mbili, tatu.

Aikande alikuwa anatazama mkono wake mwenyewe. Ulikuwa umetandazwa pajani, kidole cha mwisho chini, gumba juu, ukucha ukibonyeza kitambaa.

Ndivyo alivyosoma asubuhi. Ndivyo alivyosoma kila mwaka tangu akiwa na miaka kumi na mitatu. Alifundishwa hivyo akiwa mdogo, amebebwa mabegani, mkono mkubwa ukiushika mdogo na kuuweka chini ya ufito kwanza, hivi, halafu tunaanza. Siku zote alidhani ile shibiri ya kwanza ni ya kuondoa ubishi wa theluji laini, ni mahali pa kuanzia tu. Kwenye tasnifu yake aliandika sentensi moja: vipimo vimeanzia shibiri moja juu ya uso wa barafu kufuatana na utaratibu wa eneo. Maprofesa watano walisoma sentensi hiyo wakaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Chombo kilisema kweli mara ya kwanza kabisa, na yeye akakifundisha adabu za Mji.

Shibiri moja kila mwaka. Ufito unakitwa upya kila mwaka. Misimu arobaini.

Arobaini na tatu ukitoa arobaini.

Kuna jambo ambalo Aikande alilifikiria pale, nyundo mkononi, na hakuwahi kulimaliza. Ni nini kinachotokea kwa kitu kilichoachwa kwa heshima? Mtu anapoacha punje ya mwisho kwenye sahani, punje ile ipo. Haikuliwa lakini haikupotea. Sasa shibiri zile arobaini zilikuwa wapi muda wote? Zilikuwa zimeyeyuka kwelikweli, zimeshuka mtoni, watu wamezifulia nguo na kuzipikia maharage, na huku kwenye daftari zimesimama bado, ukuta mzima wa barafu uliojengwa kwa adabu peke yake, na nyuma ya ukuta huo watu wanalala. Na ule uliobaki ulikuwa mwembamba, umelowa chini, unateleza juu ya maji, ndiyo maana umemleta mtu mbio nusu ya muda wake. Alitaka kuuchukia Mlima lakini Mlima haukuwahi kusema neno. Alitaka kumchukia Mwenyekiti wa Mji, lakini daftari halikuandikwa na Mwenyekiti. Akamgeukia kijana aliyekuwa mbele yake.

"Kwa nini hukuandika?" aliuliza kwa hasira.

"Kuandika nini?"

"Kwamba umeacha moja."

"Ukishaandika ulichoacha, utakuwa umeacha nini?" Ndesario hakukasirika. Alikuwa anautazama ule mkono wa Aikande pajani. "Nani alikufundisha kusoma?"

"Baba yangu."

"Alikufundisha vizuri. Yuko hai?"

"Sijui," alisema Aikande, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Ndesario alicheka kidogo, kicheko ambacho Aikande alikuwa amekisahau, kikamuumiza. Kisha akamwangalia nyusi, akamwangalia kidevu. Alijua? Mimi sijui, na Aikande mpaka leo hajui. Alichosema ni hiki: "Ukishuka, pita kwangu. Nyumba ya kona, mlango wa bati la bluu. Nina binti wa miaka kumi na miwili pale. Mwambie wale tu, wasinisubiri."

"Atakusubiri. Ni mbishi."

"Ni mbishi, ndiyo," alisema baba yake, akafumba macho kupumzika.

Ukuta ulilia juu yao. Haukuwa mlio mkubwa, ulikuwa kama wa mlango unaosukumwa na mtu asiyetaka kusikika. Aikande alijua kazi yake. Kumtoa mtu aliyeganda kuanzia kiunoni kunahitaji nusu siku ya nyundo. Shibiri tatu, kwa joto lile, zilikuwa hazina nusu siku ya uhakika. Aliinua nyundo, akaishusha, akaipiga mara moja, mara mbili, kipande kikubwa kama tofali kikaanguka, na goti la baba likaonekana, suruali imechanika pale alipogonga. Akaliona lile goti, akalia kwa sauti. Alivua koti lake, akamfunika mabega. Kisha akaiacha nyundo pale pale, akashuka.

Alishuka mbio.

Arobaini na tatu ukitoa arobaini. Mlango wa bati la bluu. Wale tu. Tulikusubiri, baba, mama alifunika chakula kwa sahani siku tatu, siku ya nne alimpa mbwa na mbwa hakula. Kumi na moja zako. Naweza kusema ni zako. Ningesema chombo kimeharibika. Chombo hakina jina, hakina shule iliyopewa jina lake kama wewe. Kumi na moja zako, na zangu je? Niliapa mbele ya maprofesa. Kumi na moja na ishirini na tisa. Nilikuja kukusuta na mkono wangu uko pajani unabonyeza. Sikuitikia. Aliniamkia kwa adabu na sikuitikia. Nani yuko nyuma yangu? Hakuna mtu, ni maji yanatembea chini ya barafu. Nani anahema? Ni mimi.

Mwenyekiti Materu alimpokea ofisini mwake, chini ya ile karatasi aliyoitilia fremu ya dhahabu, karatasi yenye sahihi ya Aikande kwamba Mji uko salama kwa miaka kumi. Materu alikuwa mtu mkarimu, mwenye tumbo na mzaha, aliyetawala Mji bila kumpiga mtu kofi hata mara moja.

"Daktari, mbona unahema hivyo? Umefukuzwa na chui?"

Alimweleza. Materu alisikiliza bila kumkatiza, akaenda kufunga mlango.

"Shibiri tatu," alisema.

"Tatu. Labda mbili sasa hivi."

"Na ulisaini hii wewe mwenyewe, si mimi."

"Nilisaini."

Materu alikaa, akajifuta uso kwa leso. "Mwanangu, nikikuuliza Mji huu una watu wangapi, utaniambia nini? Nina orodha hapa. Kila nyumba imejiandikisha, na kila nyumba imeacha mmoja, nami mwenyewe nikaacha mmoja kwenye jumla. Sijui natawala watu wangapi, na nimelala usingizi mzuri. Ni hivyo tunavyoishi. Ukitoka hapo nje na hesabu nzima mkononi, hutawaambia habari ya ukuta tu. Utawaambia kila walichoacha maishani kilikuwa kosa. Na baba yako! Tumempa shule. Watoto wanaimba jina lake kila asubuhi. Utamvua nguo hadharani?"

Aikande alisimama pale na kusita, na nisingemheshimu kama nisingeeleza kwamba alisita. Alimfikiria kijana aliyefunikwa koti, ambaye hakumdhulumu mtu, ambaye alitaka tu kuwa na adabu mbele ya kitu kikubwa. Aliogopa pia kwa ajili yake mwenyewe. Ishirini na tisa ni nyingi. Mwenyekiti, aliyezoea kuona watu wakisita, akavuta kiti akamkaribisha akae.

Hakukaa. Alikwenda sokoni na daftari, akapanda juu ya meza ya muuza vitunguu, akatandaza mkono wake wa kushoto ili kila mtu auone.

"Nimewasomea ukuta huu miaka ishirini na tisa," alisema. "Kila mwaka nimeacha moja. Baba yangu aliacha kumi na moja, mimi nimeacha ishirini na tisa. Zangu ni nyingi kuliko zake. Ukuta umebaki shibiri tatu."

Alijiandaa kueleza. Alikuwa na michoro. Lakini hakuna aliyehitaji kuelezwa. Maprofesa watano hawakuelewa sentensi ile kwa miaka, na muuza vitunguu aliielewa kabla Aikande hajashusha mkono, kwa sababu kila mmoja pale alijua aliacha nini, wapi, kwa miaka mingapi. Walitazamana kwa hofu kama watu waliofumaniwa kwa pamoja. Mzee mmoja alisema, "Ndesario naye!" Kisha wakaanza kukusanya watoto.

Walipanda kwenye mgongo wa kilima ng'ambo ya mto, mahali ambapo maji hayafiki, na mlango wa kupandia ni mmoja, kati ya miamba miwili. Aikande alisimama hapo na daftari, akafungua ukurasa mpya. Mwenyekiti alifika mapema, jasho likimtiririka, akasimama kando bila mzaha wowote.

Mwanamke wa kwanza alikuja na watoto mgongoni na mkononi.

"Nyumbani kwenu mko wangapi?"

"Watano."

Aikande alihesabu kwa macho. Walikuwa watano. Aliwaacha wapite, akaanza kumwandika, na kalamu ikasimama. Watano wa kusema. Na hawa watano wote wako hapa.

"Mama! Rudi! Na wa Mlima?"

Mwanamke aliganda. Ni neno ambalo mtu haulizwi. "Sita," alisema kwa sauti ya chini sana, akageuka, akawatazama waliomfuata mmoja mmoja, akapiga ukelele. Wa sita alikuwa mama mkwe wake, mzee asiyesikia, aliyelala chumba cha nyuma. Hakuwa amemsahau kwa ubaya. Alihesabu kama alivyohesabu siku zote, hesabu ikatimia, akatoka.

Vijana wawili walitimua mbio kuteremka. Na kuanzia hapo Aikande aliuliza kila nyumba maswali mawili. Mko wangapi? Na wa Mlima? Lilikuwa swali la aibu na aliliuliza kwa ukali, kwa watu wazima waliomlea, kwa wazee walioshusha macho kabla ya kujibu. Nyumba nyingi zilikuwa kamili. Lakini kutoka nyumba kumi na tisa alikosekana mmoja: mtoto mchanga aliyedhaniwa yuko kwa bibi, mgonjwa, kichaa aliyefungiwa, mjakazi ambaye hakuwahi kuandikwa popote. Watu kumi na tisa, wote waliobaki chini wakiwa wameachwa kwa adabu. Waliletwa mabegani na kwenye machela. Hata Mwenyekiti alishuka kumleta mmoja, mtoto wa nje ambaye Mji ulikuwa haumjui, na alipanda naye amemkumbatia huku analia mbele ya watu.

Manka alikuja wa mwisho. Alitembea polepole, mkongojo mkononi, kanga kichwani, hana mzigo. Nyuma yake njia ilikuwa tupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Watu walikuwa wamesogea karibu, kwa kuwa nyumba zote zilikuwa zimesikika zikitaja zao na sasa ilikuwa zamu ya nyumba ya kona. Aikande alishika kalamu.

"Nyumbani kwetu tuko wangapi?"

"Wawili," alisema Manka, kama alivyosema siku zote.

"Na wa Mlima?"

Mama yake alimtazama usoni. Aliona macho yaliyovimba. Aliona kwamba koti halipo. Juu kabisa ya bonde ukuta ukalia tena, safari hii kwa nguvu.

"Umemwona," alisema Manka.

"Nimemwona."

"Mkono wa kushoto bado mrefu?"

"Bado, mama. Mpaka kwenye vidole."

"Nilimwambia nifumue." Manka aliukaza mkongojo kwa mikono miwili. "Alisema nini?"

"Amesema tule tu, tusimsubiri."

Manka aligeuka, akatazama bonde. Kutoka pale Ziwa lilionekana, tulivu, kisha likaonekana limeinama upande mmoja. Maji hayakuanguka kwanza. Yalipita juu ya ukuta kwa utaratibu, membamba, yakang'aa, halafu ukuta ukafunguka katikati na ulimi wote wa barafu, na kila kilichokuwa ndani yake, na koti, ukanyanyuka na kushuka. Mlio ulichelewa kuwafikia. Ulipofika, paa la soko lilikuwa limekwisha kwenda, shule yenye jina ilikuwa imekwenda, na mlango wa bati la bluu, ambao Aikande alikuwa ameukazia macho, ulipepesuka mara moja juu ya maji ya matope, ukazama. Hakuna aliyepiga kelele. Walikuwa wanahesabu, kila mmoja kwa sauti ya chini, watu wa nyumba yake, wanarudia tena tangu mwanzo, bila kuacha.

"Andika," alisema Manka.

"Niandike ngapi, mama?"

"Wawili." Ilimchukua muda kulipata neno la pili. "Wote."

Aikande aliandika. Wino ulichafuka, lakini ilisomeka. Kisha alifunga daftari, akasogea mpaka kwenye ukingo wa mwamba, akayatazama maji yanayopita chini, mazito, yenye vipande vyeupe vinavyogongana. Saa yake ilionyesha saa sita na dakika kumi na sita.

"Marahaba," alisema kwa sauti.

Manka, aliyekuwa nyuma yake, aliuliza anamwitikia nani.

"Kijana mmoja," alisema Aikande. "Aliniamkia huko juu. Nilichelewa kumwitikia."